Siku kumi Kibosho, wazee watatu: nianzie wapi kuandika habari za ukoo?

Ndizi_Mshare

Habari za jioni wakuu. Desemba hii ukoo unakusanyika Kibosho, na kikao cha familia kimenikabidhi kazi ya kuandika habari zetu kuanzia kwa babu wa babu hadi watoto wa sasa. Wazee wa kuwahoji ni watatu: bibi, ambaye umri wake ni wa kukadiria lakini hapungui miaka 88, shangazi mkubwa, na baba mkubwa ambaye Kiswahili anakijua vizuri ila akianza kusimulia anahamia Kichagga. Nina siku kumi tu. Vifaa ni simu ya Android yenye nafasi ya GB 9, na daftari. Nyumbani kuna albamu mbili za zile kurasa za kunata, pamoja na bahasha ya vyeti vya ubatizo na stakabadhi za kahawa.

Ninachotaka kujua: nianze na nini, nirekodi vipi sauti isije ikawa haisikiki, na miaka nitaipata wapi wakati bibi mwenyewe hajui alizaliwa lini. Naomba wenye uzoefu mnieleze kwa undani, hata yale yanayoonekana madogo.

Karani_wa_Zamani

Mkuu, hadithi ziache kwanza. Anza na majina. Siku ya kwanza na ya pili usiulize "hebu tuambie zamani ilikuwaje"; uliza nani alimzaa nani. Simulizi ambayo majina yake hayajanyooka haishiki popote. Utatoka na rekodi ya saa sita ambamo "baba mdogo" ametajwa mara arobaini, kumbe ni watu watano tofauti, na mzee akishaondoka hakuna wa kukufungulia fundo hilo.

Nunua kauntabuku ya jalada gumu, kwaya mbili inatosha. Andika kwa kalamu ya kawaida ya bluu au nyeusi; zile za jeli nyingi zikipata tone la maji wino unasambaa. Kila mtu mpe ukurasa wake na namba yake. Babu wa juu kabisa mnayemfahamu ni 1. Watoto wake ni 1.1, 1.2, 1.3 kwa mpangilio wa kuzaliwa. Watoto wa 1.2 ni 1.2.1, 1.2.2, na kuendelea hivyo kushuka. Usiidharau namba hii. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama, kwa hiyo jina lilelile linarudi kila baada ya kizazi. Ndugu watano wa tumbo moja wanaweza kuwa na watoto watano wa jina moja, wote wakiwa wamempokea babu yuleyule. Ukiandika jina peke yake, baada ya miaka mitatu hata wewe hutajua ulimkusudia yupi.

Kwenye ukurasa wa mtu weka jina la nyumbani, la ubatizo, la shuleni kama lilikuwa tofauti, na lile watu walilomwita. Kisha mama yake, siyo baba tu. Kama babu alikuwa na wake wawili au watatu, ongeza herufi ya nyumba: 1A kwa nyumba kubwa, 1B kwa inayofuata, na watoto wa kila nyumba wahesabiwe humo. Wengi huruka hapa kwa kuona haya, matokeo yake mti wa ukoo unaonyesha mwanamke mmoja kazaa mara mbili ndani ya miezi mitano. Kwa kila mwanamke aliyeolewa ukooni kwenu, andika ukoo na kijiji alikotoka. Nusu ya damu yenu iko huko, na ndiyo nusu inayopotea mapema zaidi, kwa sababu akishaitwa Mama Fulani jina lake la usichana hakuna anayelitaja tena. Watoto waliofariki wadogo nao wapewe namba. Bibi anawakumbuka wote, na ukiwaruka mpangilio wote wa kuzaliwa unaharibika.

Sasa miaka. Yapo mambo matatu ya kukushikia: vyeti, makaburi na matukio.

Cheti cha ubatizo cha Kikatoliki kina namba ya L.B., yaani kitabu cha ubatizo cha parokia. Peleka namba hiyo ofisi ya parokia siku ya kazi, siyo Jumapili na wala siyo wiki ya Krismasi, na upige simu kabla hujapanda mlima. Omba kwa adabu usomewe mstari mzima wa kitabuni, kwa kuwa cheti mara nyingi hubeba sehemu tu. Pembeni mwa mstari huongezwa kipaimara na ndoa, pamoja na mahali ndoa ilipofungwa, na hapo ndipo unapojua shangazi wa babu aliolewa wapi. Vitabu vya zamani ni vya Kilatini: "natus" au "nata" ni aliyezaliwa, "baptizatus" aliyebatizwa, "filius" mtoto wa kiume, "filia" wa kike, "patrinus" msimamizi wake. Misheni za Kilema na Kibosho ni za miaka ya 1890, kwa hiyo kumbukumbu za mbali zipo. Walio upande wa Kilutheri watafute usharika uliobatiza, siyo ulio karibu na nyumba leo. Sharika nyingi za sasa zilikuwa mitaa ya usharika mkubwa zaidi, na kitabu kilibaki kule.

Ila usichanganye tarehe ya ubatizo na ya kuzaliwa. Wengi wa kizazi cha kwanza walibatizwa wakiwa watu wazima, na mwaka wa kuzaliwa ukaandikwa kwa kukisia. Hata tarehe ya kitambulisho cha NIDA ya mzee wa miaka themanini mara nyingi ni makisio aliyoyataja siku ya kujiandikisha. Iandike, lakini uandike "kwa mujibu wa kitambulisho".

Makaburi ya kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani la migomba na kahawa, yasome asubuhi na mapema au jioni, jua likiwa pembeni. Herufi zilizofifia kwenye saruji huonekana kwa kivuli chake. Ondoa kuvu kwa brashi laini na maji matupu. Usikwangue kwa kisu, wala usipake chokaa kabla hujapiga picha.

Kwa matukio, kamwe usimwulize mzee "ilikuwa mwaka gani?" Atakutajia mwaka wowote ili asikuvunje moyo. Muulize lilikuwa kabla au baada ya jambo ambalo tarehe yake inajulikana. Kwa ukanda wetu haya yanafanya kazi: KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ilianzishwa 1933, vita vya dunia vya 1939 hadi 1945, vijana walipochukuliwa keya (jeshi la kikoloni, KAR), enzi ya Mangi Mkuu, chifu mkuu wa Wachagga, miaka ya 1950, Uhuru, 9 Desemba 1961, mwenge ulipowekwa kileleni Kilimanjaro, Azimio la Arusha, 1967, kufunguliwa kwa hospitali ya KCMC Moshi, 1971, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki 1977, mpaka wa Kenya ukafungwa hadi 1983, jambo ambalo mtu wa Rombo, Himo au Namanga halisahau, vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, na kifo cha Sokoine, Aprili 1984. Kwa mtu wa Meru ongeza kuhamishwa watu Engare Nanyuki mwaka 1951. Kwa Arusha mjini, reli ilifika 1929. Kwa ndugu zetu Wamaasai na Waarusha uliza rika: Nyangusi, Seuri, Makaa, Landis, Korianga, kwa mpangilio huo, halafu tafuta mtu wa rika hilohilo mwenye cheti.

Swali liwe hivi: "Bibi, siku ya Uhuru ulikuwa umeshaolewa? Ulikuwa na mtoto mgongoni? Ni nani huyo?" Akikwambia alikuwa amembeba wa pili, na huyo wa pili ana cheti cha ubatizo cha 1961, umeshapata nguzo ya kwanza. Endelea hivyo mpaka ubaki na upande wa "kabla ya" na upande wa "baada ya". Andika "1934–1937, makisio", na mstari chini yake useme umekisia kwa kutumia nini. Mwaka mmoja wa uhakika wa uongo ni mbaya kuliko miaka minne ya kweli.

FundiSauti_Njiro

Nimfuatie Karani, mimi niko upande wa sauti.

Kwanza programu ya kurekodi. Ifungue sehemu ya mipangilio uangalie inahifadhi kwa aina gani. Ikiwa ni AMR au 3GP, badilisha. Aina hizo zimetengenezwa kwa ajili ya simu ya kupigiana, zinakata sauti za juu, na sauti za juu ndiko zilipo s, sh, f na th. Utasikia kwamba mtu anaongea, lakini jina la mtu au la kijiji hutaliweza. Chagua M4A ya kbps 128 au zaidi. Hiyo inakula karibu MB 60 kwa saa, kwa hiyo saa 20 ni kama GB 1.2 na nafasi yako ya GB 9 inatosha kabisa na picha juu yake. WAV ni bora zaidi kwa kuhifadhi, ila ya njia moja ni zaidi ya MB 300 kwa saa. Kama una memori kadi ya GB 32, tumia WAV. Kama huna, M4A haitakuangusha.

Weka simu kwenye hali ya ndegeni. Simu ikiingia katikati ya mazungumzo, nyingine husimamisha rekodi na haziendelei zenyewe, na wewe utakaa dakika arobaini ukiamini inarekodi. Chaji iwe juu ya asilimia 60. Umeme ukiwepo usirekodi huku chaja imechomekwa, chaja nyingi zinaleta mvumo.

Simu ikae sentimita 30 hivi kutoka mdomoni mwa mzee, juu ya kanga iliyokunjwa mara nne, siyo kwenye meza tupu. Kikombe kikiwekwa mezani maiki inapokea kishindo. Usiiweke mfukoni mwa shati lake, kitambaa kitakwaruza. Angalia tundu la maiki liko wapi, kwa kawaida chini karibu na pa kuchomekea chaja, na hilo ndilo limwelekee yeye. Maiki ndogo ya kubana kolani, ya waya, ndiyo kitu cha bei nafuu kinachobadilisha kazi kuliko vyote. Ibane kiganja kimoja chini ya kidevu, mkufu au rozari ikae mbali nayo.

Chumba kinahusika kuliko simu. Sebule yenye makochi, mapazia na zulia ni nzuri. Chumba kitupu cha saruji kinarudisha mwangwi. Barazani kuna upepo. Halafu mkumbuke Desemba kule juu mvua bado inaweza kushuka, na mvua ikianza kwenye mabati, simamisha. Hakuna programu itakayoiondoa baadaye. Zima redio, friji na saa ya ukutani inayogonga. Watoto wapelekwe kihambani na mtu mmoja mwenye kazi hiyo.

Rekodi dakika moja ya majaribio, uisikilize kwa spika za masikioni, ndipo uanze. Kisha useme wewe mwenyewe mwanzoni kabisa: tarehe, mahali, jina kamili la mzee na namba yake ya kwenye daftari, majina ya wote waliomo chumbani, na lugha itakayotumika. Bila hayo, faili ikipotea jina ni sauti ya mtu asiyejulikana.

Kila kikao kisizidi dakika 45 hadi 60, asubuhi baada ya chai. Video? Sikushauri iwe ya muda wote. Inakula nafasi mara nyingi zaidi ya sauti, na wazee wengi wakiona kamera wanaanza kutoa hotuba. Chukua dakika tano za video mwishoni, uso na mikono ibaki, basi.

Ndizi_Mshare

Asanteni sana, nimeshaanza kuchora kurasa za daftari. Swali la nyongeza. Baba mkubwa nimlazimishe Kiswahili, au nimwache na Kichagga chake wakati watoto hawakielewi? Na wazee wakipingana, nimwandike nani? Najua tayari kwamba bibi na shangazi hawakubaliani kuhusu babu alihama kutoka wapi.

Mama_Himo

Mwanangu, mwache aongee lugha yake. Mtu anaposimulia kwa lugha aliyokulia, vitu vinakuja na majina yake: jina la mfongo, jina la aina ya ndizi, jina la sehemu ya kihamba, jina la siku ya soko. Ukimhamishia Kiswahili yote hayo yanageuka kuwa "mfereji", "ndizi" na "shamba", na habari imekufa nusu. Fanya hivi: kikao cha kwanza Kichagga chote. Kesho yake mchezee rekodi vipande vya dakika mbili mbili, na kijana anayejua lugha zote mbili akae naye, asimamishe, aeleze kwa Kiswahili huku simu ya pili ikirekodi maelezo hayo. Maana unaipata mzee akiwepo, na akisikia kosa atalirekebisha papo hapo. Hata sauti yake mwenyewe humkumbusha mengine aliyoyasahau jana.

Kuandika Kichagga kwenyewe, chagua tahajia moja na ushikamane nayo. Kibosho, Machame, Uru, Vunjo na Rombo hawatamki sawa, kwa hiyo usijaribu kuunda Kichagga cha wote. Andika kama baba mkubwa anavyotamka, na ukurasa wa mwanzo uonyeshe herufi zipi zinasimamia sauti zipi.

Kuhusu kupingana: andika wote wawili, kila mmoja kwa jina lake. "Kwa maelezo ya bibi, alitoka huku. Kwa maelezo ya shangazi, alitoka kule." Usipatanishe, usiamue, na zaidi ya yote usiwahoji pamoja. Ukiwakalisha chumba kimoja, mdogo atamnyamazia mkubwa kwa heshima, nawe utaondoka na toleo moja ukidhani wamekubaliana. Mara nyingine wote wako sahihi: mmoja anasema alikozaliwa, mwingine alikokaa kabla ya kuoa.

Sasa namna ya kuuliza. Swali kubwa linaleta jibu dogo. Ukiuliza "maisha ya zamani yalikuwaje" utajibiwa "yalikuwa magumu", imeisha. Uliza kitu cha kushikika. Nyumba ya msonge ilikuwa na mlango upande gani, ng'ombe walilala wapi, moto ulikaa wapi, wewe ulilala wapi? Nani alikupikia mtori ulipojifungua, na alikuletea kwa siku ngapi? Zamu ya maji ya mfongo ilikuwa siku gani, na nani alisimamia? Kahawa ilimenywa kwa mashine ya nani, na fedha ya msimu ilishikwa na nani nyumbani? Hapo utaona mtu anaongea nusu saa bila kuulizwa tena.

Akinyamaza, usikimbilie swali lingine. Hesabu moja mpaka kumi moyoni. Mambo mazito hutoka baada ya ukimya. Na kile kiitikio chetu cha "eeh, eeh" kila baada ya neno kinafunika sauti yake. Itikia kwa kichwa, na "mmh" ndogo akishamaliza sentensi, asije akadhani humsikilizi.

Siku moja toka naye nje. Mzee anayeweza kutembea mzungushe kihambani taratibu, asimame kwenye kila jambo: mgomba wa nani, mti uliopandwa na nani, kaburi la nani, masale (mimea ya kuonyesha mpaka) yalipandwa lini na mbele ya nani. Mahali panakumbusha kuliko swali. Shika simu, mgongo wa simu ukiwa upande wa upepo.

Lakini hapo kwenye masale kuwa mwangalifu sana. Habari za mipaka na nani alipewa sehemu gani zirekodi kwenye faili yake peke yake, na zisiingie kwenye kitabu wala kwenye grupu. Sentensi moja ya mzee aliyechoka inaweza kuwapeleka ndugu baraza la ardhi. Na waeleze wote mapema kwamba rekodi hii siyo wosia. Wosia una utaratibu wake wa mashahidi, ufanywe siku nyingine na watu wengine. Mzee akisema "hili usiliandike", zima mbele ya macho yake, aone umezima. Kabla ya yote umwombe ridhaa, na ridhaa yake iwe imerekodiwa: anakubali lisikilizwe na nani, na kama liandikwe akiwa hai au la.

Bibi wa miaka 88 muangalie masikio. Kaa upande wa sikio zuri, ongea taratibu kwa sauti nzito, siyo kwa kupiga kelele. Sauti ya juu inapanda kuwa nyembamba na ndiyo asiyoisikia kabisa.

Karani_wa_Zamani

Naunga mkono yote ya Mama Himo. Niongeze kuhusu picha na makaratasi, maana hapo ndipo uharibifu mwingi hufanyika kwa nia njema.

Albamu za kunata gundi yake huchacha na kuwa njano, na inavyokaa ndivyo inavyoshika zaidi. Usiivute picha kwa kona, itapasuka au itajikunja na kuvunja uso wake. Pitisha uzi mwembamba wa kusafishia meno nyuma ya picha, ukiusogeza kushoto na kulia kama msumeno, polepole. Ikikataa, acha, ipige picha ilipo. Picha iliyoshikana na kioo cha fremu usiibandue kamwe. Ipige ikiwa na kioo chake.

Kabla hujatoa hata moja, piga picha ukurasa mzima wa albamu. Mpangilio wenyewe ni habari: aliyekaa karibu na nani, sherehe ipi ilifuata ipi.

Ukitumia skana ya stesheneri, nyaraka ni dpi 300, picha ya kawaida dpi 600, na vile vipicha vidogo vya pasipoti dpi 1200. Ukitumia simu, weka picha mezani karibu na dirisha, jua lisiipige moja kwa moja, flashi izimwe, simu iwe sambamba kabisa na picha. Ukiona mng'ao, zungusha meza, siyo simu. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini ya 2B, picha ikiwa imelala juu ya kioo au bamba gumu: namba ya kila mtu kuanzia kushoto, mstari wa nyuma kwanza. Kalamu ya wino hukandamiza na kutokeza upande wa sura.

Vyeti visifanyiwe laminesheni. Ule moto hauna kurudi nyuma, na cheti kilichoanza kuchakaa kinaendelea kuoza ndani ya plastiki. Kitie kwenye bahasha ya karatasi, bahasha kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko, boksi juu ya kabati la chumba kikavu. Siyo sakafuni, mchwa. Siyo darini, joto na panya. Siyo karibu na jiko. Pini za chuma na klipu zitoe, kutu inatoboa karatasi. Usizitupe stakabadhi za kahawa. Zina namba ya mwanachama, jina la chama cha msingi na tarehe, na zinaonyesha mwaka ambao kahawa ya kihamba ilianza kupimwa kwa jina la mwana badala ya baba.

Mpiga_Chapa_Moshi

Mimi nipo mwisho wa mnyororo, watu huniletea kazi ikiwa tayari imekwama, na kwa kawaida imekwama kwenye kuandika kutoka kwenye sauti. Panga muda kwa ukweli: saa moja ya mazungumzo ya Kiswahili inakula saa nne hadi sita za kuandika, na ya Kichagga na tafsiri yake inaweza kufika kumi. Kwa hiyo ukirudi na saa 20 za rekodi, hiyo ni kazi ya miezi, siyo ya wikiendi mbili. Programu za kugeuza sauti kuwa maandishi zinasaidia rasimu ya Kiswahili; majina ya watu na ya vijiji yahakiki yote moja baada ya jingine. Kwa Kichagga usizitegemee.

Njia ya mkato iliyo halali: usiandike kila kitu. Kwa kila faili tengeneza orodha ya dakika. 00:00 utambulisho, 04:30 kuhama kwa babu, 11:15 shule ya misheni, na kadhalika. Kisha andika neno kwa neno vile vipande vizuri tu. Orodha ya faili la saa moja unaimaliza kwa saa moja na nusu, na mtu yeyote anaweza kuifuata hata kama kitabu hakitatoka.

Unapohariri, ondoa marudio na kigugumizi, lakini usimvalishe mzee Kiswahili cha gazeti. Kama amesema "tulikuwa tunashuka tambarare kukata majani", iache. Na muda: wazee wanahesabu saa kwa Kiswahili, saa tisa ni alasiri. Chagua mfumo huo kitabu kizima.

Kitabu chenyewe kiwe A5, herufi ukubwa wa 12 au 13 kwa sababu wasomaji wa kwanza ni wazee, ukingo wa ndani sentimita 2. Jumla ya kurasa igawanyike kwa nne, la sivyo utapata kurasa tupu pasipotakiwa. Hadi kurasa 64 hivi pini za katikati zinatosha. Zaidi ya hapo gundi. Karatasi ya gramu 80, na uchapaji wa leza, kwa sababu wino wa mashine nyingi za kunyunyiza ukipata unyevu unachuruzika. Picha ya upana wa sentimita 10 inahitaji pikseli kama 1,180 upande huo. Picha iliyopita WhatsApp kwa watu watatu mara nyingi haifiki.

Usichape nakala sitini moja kwa moja. Chapa mbili za majaribio, zipelekwe Pasaka, wazee wasomewe kwa sauti ukurasa kwa ukurasa, na makosa ya majina yasahihishwe kwa kalamu nyekundu pembeni. Jina la mtu likikosewa kwenye kitabu cha ukoo wake mwenyewe, hatalisahau. Mwishoni mwa kila tawi acha kurasa mbili tupu zenye mistari.

Ndizi_Mshare

Nimeelewa. La mwisho: ndugu wanataka nitume kila rekodi kwenye grupu siku hiyohiyo, wanasema hiyo ndiyo njia ya kuhifadhi.

FundiSauti_Njiro

Grupu ni la kusikilizia, siyo ghala. WhatsApp hubadilisha jina la faili likawa AUD na tarakimu, picha inazibana na kuziondolea tarehe, na mtu akibadilisha simu bila kuhamisha mazungumzo, vyote vimekwenda. Ukilazimika kutuma, tuma kama hati, siyo kama picha au sauti, na ziwe zile tu ambazo mzee amezikubalia.

Majina ya faili anza na mwaka: 2025-12-22_1.2_bibi_kikao1. Yatajipanga yenyewe. Usitumie "rekodi mpya 7".

Kila jioni, kabla ya kulala, hamishia rekodi za siku hiyo kwenye flashi au kompyuta. Usifute kwenye simu mpaka umefungua nakala na kuisikia. Ukirudi mjini ziwe nakala tatu: moja kwenye diski ya nje, moja Google Drive, ambako GB 15 za bure zinagawanywa na barua pepe na picha zako, na moja kwa ndugu anayeishi mji mwingine, Arusha kama wewe uko Moshi. Flashi isiwe hifadhi ya pekee. Andika nywila na mahali faili zilipo kwenye ukurasa wa kwanza wa kauntabuku ya Karani, na mtu wa pili ajue.

Halafu kila Desemba mnapokutana, fungua faili tatu kutoka kila folda, usikilize mwanzo, katikati na mwisho. Iliyogoma kufunguka, irudishe kutoka nakala nyingine siku hiyohiyo.